Mizani ni ya Nani? Mjadala wa Suna kuhusu wageni wa anga, imani na uthibitisho

Katika filamu ya Contact, iliyotoka 1997 kutokana na riwaya ya Carl Sagan ya 1985, mtaalamu wa nyota aitwaye Ellie Arroway ananasa ishara kutoka upande wa nyota Vega. Ndani ya ishara mna ramani ya chombo cha kusafiria. Chombo kinajengwa, anapanda, anafika mbali mno, anazungumza na kiumbe aliyejivika sura ya marehemu baba yake. Anaporudi anaambiwa hakwenda popote. Waliokuwa wakitazama waliona chombo kikidondoka moja kwa moja hadi majini. Hana picha, hana hata punje ya mchanga wa huko. Mwanamke aliyetumia maisha yake kuwadai watu wa dini ushahidi anasimama mbele ya kamati akiwa na neno lake tu.

Hadithi hiyo ina wasikilizaji wake hapa Suna. Katika kaunti hii ya Migori uko Got Kwer, mlima mtakatifu wa kanisa la Legio Maria. Yako mashimo ya dhahabu, na ziko kuta za mawe za Thimlich Ohinga. Ukivuka kuingia Homa Bay unakutana na ziwa dogo la Simbi, ambalo watu husema lilikuwa kijiji. Hapa wamo watu wanaojua vizuri maana ya kusema "niliona" na usiaminiwe.

Sauti zinazofuata nimezitunga mwenyewe kutokana na hoja za namna hiyo. Sikuzipa majina, nimezipa kazi. Mwalimu ni mama anayefundisha fizikia shule ya upili. Mwanafunzi ni binti wa Homa Bay anayesoma fasihi chuo kikuu. Muumini ni mzee wa Legio Maria, ambaye wenzake humwita Jaduong', yaani mzee. Mchimbaji anaingia mashimoni upande wa Nyatike. Wa tano ni mimi, Mwandishi, na sitajifanya refa, kwa sababu nina upande.

MWANAFUNZI: Mimi mwisho wa filamu ile uliniudhi. Ellie anafikishwa mahali pa kuomba aaminiwe, sawasawa na mhubiri. Nikasema vizuri, sasa tumefika penyewe. Halafu mtengeneza filamu anaogopa. Anatuonyesha maofisa wawili faraghani wakikiri kwamba kinasa picha cha Ellie kilirekodi chenga tupu, lakini chenga za saa 18. Yaani mtazamaji anapewa uthibitisho kwa siri ili alale vizuri. Kwa nini tusiachwe na swali?

MWALIMU: Kwa sababu saa 18 ni kipimo, na neno la Ellie si kipimo, hata awe mkweli namna gani. Mwaka 1967 Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge, aliona katika karatasi za darubini ya redio ishara inayorudi kila baada ya sekunde 1.3, bila kukosea. Wenzake wakaiita LGM-1, kifupi cha "vijitu vya kijani". Bell hakukimbilia magazetini. Alirudi kwenye karatasi zake, akapata ishara nyingine ya aina hiyo upande tofauti kabisa wa anga. Hapo wazo la wageni likafa, maana jamii mbili zilizoachana umbali ule haziwezi kupanga kutupungia mkono kwa namna moja wakati mmoja. Zilikuwa palsa, nyota zilizokufa na zinazozunguka kwa kasi. Ningependa Ellie awe na roho ya Bell.

MUUMINI: Kwa hiyo Ellie angenyamaza, mwalimu?

MWALIMU: La, Jaduong'. Aseme. Ila asitegemee nibadilishe ninachofundisha kwa sababu amelia wakati wa kusema.

MUUMINI: Basi nisikilize na mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watu wengi wa Nyanza Kusini walitoka Kanisa Katoliki wakamfuata Simeo Ondetto, na mama kijana Gaudencia Aoko akawa sauti kubwa ya mwamko ule. Tuliamini, na bado tunaamini, kwamba Mama Maria alitujia akiwa bibi mzee Mwafrika, akatembea katika vijiji vyetu, na kwamba Ondetto alikuwa zaidi ya mtume. Alifariki 1991 na Got Kwer ndiko tunakokwenda kuhiji. Wewe usiamini, sikulazimishi. Ila ninajua tulivyokataliwa. Hakuna aliyekuja na kipimo kikashindwa kutuunga mkono. Watu walitutazama tu, wakulima na wavuvi wanaosema Dholuo, wakaamua kwamba jambo kubwa kama lile haliwezi kuwatokea watu kama sisi. Shahidi alipimwa yeye, neno lake halikupimwa. Ndiyo maana nikimwona Ellie mbele ya kamati ninamjua. Ni mtu wangu.

MWANDISHI: Mzee amegusa jambo linalojirudia. Tarehe 16 Septemba 1994, huko Ruwa, Zimbabwe, wanafunzi 62 wa shule ya msingi ya Ariel walisema kwamba wakati wa mapumziko waliona chombo na viumbe kando ya uwanja wao. Walimu walikuwa mkutanoni. Daktari wa akili John Mack wa Harvard alisafiri kuwahoji, akasema haamini kwamba wanadanganya, naye tayari alikuwa akiandamwa nyumbani kwa kuwasikiliza watu wenye simulizi za namna hiyo. Baadhi ya watoto wale, sasa watu wazima, hawajabadilisha maneno.

MWALIMU: Malizia habari yote. Siku mbili kabla yake mabaki ya roketi ya Urusi yalipita yakiwaka angani kusini mwa Afrika, na habari za vyombo vya angani zikawa gumzo la redioni. Na watoto walikuwa wamezungumza wao kwa wao kabla ya kuhojiwa. Sisemi walidanganya. Nasema mtu asiyedanganya anaweza kukosea, na watu 62 wasiodanganya wanaweza kukosea pamoja.

MCHIMBAJI: Mnisamehe, mimi nina mfano mmoja tu, wa shimoni. Dhahabu haiaminiwi, inapimwa. Mtu akija na unga unaong'aa akiapa kwa jina la mama yake, sisi tunadondosha asidi ya nitriki. Shaba ikiwa imo, inatoa povu na rangi ya kijani, inaisha. Dhahabu inabaki palepale. Hapo niko na mwalimu. Lakini sikilizeni sehemu ya pili. Mimi nachimba mwamba, nausaga, nauosha, nashika zebaki kwa mkono, nachoma, napata kitone. Nakipeleka kwa broka. Broka anaweka juu ya mizani na kusoma namba. Mizani ni yake. Nikisema "ilikuwa zaidi ya hapo", nimekuwa Ellie. Nimekuwa Jaduong'. Ukweli uko mezani na mimi sina cha kuusomea.

MWANAFUNZI: Endelea hapo hapo.

MCHIMBAJI: Nimemaliza. Nataka mwalimu anijibu.

MWALIMU: Nitakujibu kwa jiwe, tena la jirani. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, Tanganyika. Vilivyookotwa havikufika kilo moja, ni gramu 705 hivi. Lakini ni jiwe la aina adimu mno hata kundi zima la vimondo vya namna hiyo duniani linaitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Ukiondoa gesi nyepesi kama haidrojeni, kemia yake inakaribiana na ya jua lenyewe. Ni masalio ya vile vitu vilivyotumika kuunda sayari miaka bilioni 4.5 iliyopita, na yalidondoka kwetu.

Mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy walichukua chembe za Ivuna, pamoja na za Orgueil, kimondo cha kundi hilohilo kilichoanguka Ufaransa 1864. Nagy alikuwa Fordham, chuo kikuu cha Wajesuiti kule New York. Chini ya hadubini waliona vitu vidogo vya mviringo, vingine vyenye kuta mbili, vingine vyenye miiba, kama mwani wa majini. Wakaandika katika jarida la Nature kwamba huenda ni masalio ya viumbe walioishi nje ya dunia. Fikirieni! Ushahidi wa wageni wa anga, na nusu yake ilitoka kando ya Rukwa.

MUUMINI: Na wenzao walicheka?

MWALIMU: Hawakucheka. Walipima. Edward Anders na Frank Fitch wa Chicago walirudia kazi ile. Kimoja cha vile vitu vilivyopendeza kuliko vyote kikatambulika kuwa chavua ya gugu la Marekani, lile linalowatoa watu kamasi kila mwaka, nayo ilikuwa imeharibiwa umbo na rangi ya maabara. Vingine vilikuwa chembe za madini. Mabishano yakaendelea kwa miaka, kwa ukali, na kila upande ukitafuta vipande vipya. Halafu 1964 yakatokea ya ajabu zaidi. Kipande cha Orgueil kilichokuwa ndani ya chupa iliyofungwa katika makumbusho ya Montauban tangu 1864 kilifunguliwa. Humo mlikuwa na mbegu za mmea wa majini, vipande vya makaa ya mawe, na gundi. Mtu fulani, karne nzima nyuma, alililowesha jiwe likalainika, akapachika mbegu, akalipaka gundi juu lionekane na ganda lake.

MWANAFUNZI: Kwa nini mtu afanye hivyo?

MWALIMU: Aliyefanya hajulikani. Tunajua tarehe tu. Tarehe 7 Aprili 1864, pale Sorbonne, Louis Pasteur alitoa mhadhara maarufu akisema uhai hautokei wenyewe katika kitu kisicho na uhai. Paris yote ilikuwa ikibishana, na Mungu akiwa katikati ya mabishano. Kimondo kikaanguka Orgueil tarehe 14 Mei. Huenda mtu alitaka kuutia aibu upande mmoja, waumini au wapinzani wao, kisha jiwe likasahaulika kabla ya mtego kufyatuka.

MUUMINI: Kwa hiyo mwenye kughushi anaweza kuwa wa dini au wa sayansi, na chupa ikafungwa na wataalamu miaka 100.

MWALIMU: Ndiyo. Na waliofungua chupa na kutangaza aibu ile ni wataalamu pia. Hilo ndilo ninaloliheshimu. Na jiwe la Ivuna halikuaibika. Desemba 2020 Wajapani walileta gramu 5.4 za udongo wa asteroidi Ryugu, na zilipochunguzwa zikaonekana kufanana na Ivuna kuliko karibu kitu kingine chochote tulicho nacho. Ndani yake mmepatikana urasili, moja ya herufi za RNA. Wamarekani nao walileta gramu 121.6 kutoka asteroidi Bennu mwaka 2023, na mapema 2025 wakatangaza wamepata aina 14 kati ya asidi amino 20 zinazotumiwa na viumbe hai. Matofali ya nyumba yapo kule juu. Nyumba yenyewe haijaonekana.

MCHIMBAJI: Jiwe la Ivuna liko wapi sasa?

MWALIMU: Kipande chake kikubwa kimehifadhiwa Natural History Museum, London.

MCHIMBAJI: Nimejibiwa.

MWANDISHI: Hapa ndipo ninaposimama mimi, na nitasema polepole. Tunapenda kuigawa dunia mara mbili: huku imani, kule uthibitisho. Mgawanyo huo unafaa kwa Anders kule Chicago, kwa sababu yeye anaweza kuomba chembe za jiwe, akaziweka chini ya hadubini, akasema Nagy amekosea. Mtoto wa shule hapa Suna anasoma kwamba Ivuna lina umri wa miaka bilioni 4.5. Hawezi kupima. Mwalimu wake pia hawezi. Anaambiwa, anakariri, anapata alama. Uthibitisho uliokuwa mgumu kama chuma ulikotoka unamfikia ukiwa ushuhuda, neno la mtu wa mbali mwenye sauti ya uhakika. Halafu tunamwambia, "wewe ni wa sayansi sasa, achana na kuamini ovyo." Kumbe hatujampa sayansi. Tumempa msemaji mwingine wa kumwamini. Tusishangae akikutana na mhubiri mwenye sauti ya uhakika zaidi, akahama.

MWALIMU: Hapo nakukatalia, tena kwa nguvu. Usilinganishe. Neno la Pasteur lina mlango wazi, na yeyote akipata vyombo anaweza kuingia na kumkuta amekosea. Neno la nabii halina mlango huo. Na nchi yetu imelipa gharama ya kutoijua tofauti hiyo. Aprili 2023 makaburi ya Shakahola, Kilifi, yalianza kufukuliwa. Miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto wengi. Waliambiwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Nikiwafikiria watoto wale sina subira na mtu anayeniambia kwamba yote ni imani. Mlango wa London umefungwa kwa sababu ya nauli na viza. Ule wa Shakahola ulifungwa makusudi.

(Hapa pangefaa kimya, maana Muumini ndiye wa kujibu, na jibu lake si jepesi.)

MUUMINI: Mwalimu, ukitaja Shakahola unataja jeraha la kila mtu anayepiga magoti katika nchi hii. Sitalikwepa. Sisi pia tuna waotaji ndoto, na si kila ndoto hupokelewa. Wazee husikiliza, huuliza, hungoja. Mwenye maono akiwaambia watu waache watoto wao, waache hospitali, wasizungumze na jamaa zao, mimi sihitaji asidi. Najua. Kwangu kipimo ni matunda, na matunda huonekana na jirani asiye wa kanisa letu. Ila nakubali kwamba kipimo changu ni cha polepole. Mtoto anaweza kufa kabla tunda halijaiva. Hapo kipimo chako kinakishinda changu.

MWALIMU: Asante, Jaduong'. Na mimi nikubali langu. Mwandishi amesema kweli kuhusu darasa langu. Kuna vipindi ninafundisha jaribio kwa kulichora ubaoni.

MWANAFUNZI: Sasa mnipe nafasi, kwa sababu mnasahau kwamba tulianza na hadithi. Kuna aina ya hadithi za wageni wa anga inayonikera kuliko Contact. Kuanzia 1968 Erich von Däniken aliuza vitabu chungu nzima akidai kwamba wageni kutoka juu ndio walioleta maarifa yaliyo nyuma ya kazi kubwa za watu wa kale, piramidi za Misri zikiwemo. Nenda Thimlich Ohinga. Kuta za mawe zilizopangwa bila udongo wala saruji, nyingine zinapita mita 4 kwenda juu, zimesimama kwa karne nyingi. UNESCO iliziingiza katika Urithi wa Dunia 2018. Zilijengwa na watu wa hapa, wakazitumia, wakazirekebisha, jamii moja ikiondoka nyingine ikiingia. Mtu akizikodolea macho na kumtafuta mgeni wa anga, ni kwa sababu mwenyeji hakumwona. Ni kosa lilelile alilolitaja Jaduong': shahidi anafutwa kwa sababu ya sura yake.

MWALIMU: Na hapo nina furaha ya kusema kwamba uthibitisho umekuwa upande wetu. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa, huko kwenu. Mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha kazi ya wataalamu wa Marekani wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya: zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Miongoni mwa wachimbaji kule walikuwemo watu wa mahali penyewe.

MCHIMBAJI: Hilo mimi nalielewa. Walioshika sururu walikuwepo wakati wa kupima.

MWANAFUNZI: Ndiyo. Sasa tazameni hadithi zetu wenyewe za mgeni. Simbi: bibi kizee asiyejulikana anafika jioni, mvua inanyesha, watu wako kwenye pombe na ngoma. Anaomba moto na chakula. Anafukuzwa. Mwanamke mmoja tu anamkaribisha aote moto. Usiku kijiji kinazama, yule mmoja anapona. Nyandiwa, Gwassi: Nyamgondho wuod Ombare, mvuvi maskini, anavua bibi kizee kwenye wavu. Anamchukua nyumbani, mifugo inajaa boma. Siku moja amelewa, anamtukana bibi kwamba alimtoa majini. Bibi anaondoka, ng'ombe na mbuzi wanamfuata hadi ndani ya ziwa. Hakuna mahali katika hadithi hizo mtu anapouliza, "thibitisha wewe ni nani". Anayepimwa ni mwenyeji.

MWALIMU: Wanajiolojia wanaiona Simbi kuwa shimo la mlipuko wa volkano lililojaa maji ya magadi.

MWANAFUNZI: Nakubali, na sioni kinachovunjika. Volkano inaeleza shimo. Bibi anaeleza kwa nini watu wa Kendu Bay bado wanasimuliana kuhusu kumpokea mgeni. Na Kiswahili kina mfano wake tayari. Katama Mkangi, katika Walenisi ya 1995, anamtia Dzombo ndani ya chombo cha anga kama hukumu ya kifo. Dzombo anafika sayari nyingine na kukuta jamii iliyojipanga kwa haki. Mkangi alikuwa mwanasosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali. Hakupoteza kurasa akithibitisha kwamba sayari ipo. Alitaka tuone aibu ya jinsi tunavyoishi hapa.

MCHIMBAJI: Pole, binti, lakini kumpokea kila mgeni ndiko kulikotumaliza. Wangapi wamekuja huku na magari makubwa, wakakaribishwa, wakala kuku, wakaondoka na mchanga wetu? Bibi wa Simbi alikuwa na njaa. Mgeni asiye na njaa nitamwomba kitambulisho.

MUUMINI: Hapo umeongea.

MWANDISHI: Na mimi naona mchimbaji amerekebisha hadithi bila kuivunja. Mwenyeji anapimwa kwa mgeni dhaifu. Mgeni mwenye nguvu lazima apimwe yeye. Katika bunilizi nyingi za Marekani na Ulaya anayefika kutoka juu ndiye mwenye nguvu, kwa hiyo uthibitisho unakuwa suala la usalama. Nani mnyonge, nani mwenye mizani: hilo huulizwa kabla ya kuuliza kama ni imani au sayansi.

MWALIMU: Kuhusu mizani, nina habari njema ambayo hakuna kati yenu aliyeitaja. Aprili 2025 kundi la Cambridge likiongozwa na Nikku Madhusudhan lilitangaza kwamba darubini ya James Webb imeona, katika hewa ya sayari K2-18b, umbali wa miaka 124 ya mwanga, dalili za gesi ambayo hapa duniani hutolewa hasa na viumbe wadogo wa baharini. Dunia ikasisimka. Kisha makundi mengine yakachukua takwimu hizohizo, yakazichambua kwa njia tofauti, yakasema dalili ni dhaifu mno. Waliwezaje? Kwa sababu takwimu za darubini ile, baada ya muda, huwekwa wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi wa Rongo, hapahapa Migori, mwenye kompyuta na intaneti na hesabu za kutosha, anaweza kuzipakua leo usiku. Mizani ya kitu cha namna hii haiko London peke yake.

MCHIMBAJI: Hesabu za kutosha nani atampa?

MWALIMU: Mimi. Nikipewa maabara.

MWANAFUNZI: Basi nisaidieni niandike. Hadithi yangu inaanza hapa Suna. Kitu kinaanguka usiku katika shamba la mahindi la mama mmoja. Nani anapigiwa simu kwanza?

MWALIMU: Hilo lina mfano. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likaichukua, likasema ni sehemu ya roketi. Watapigiwa wao.

MUUMINI: Kabla yao watakuwa wamefika majirani, na mmoja atakuwa amepiga magoti. Mwandike. Usimfanye mjinga.

MWALIMU: Simfanyi mjinga hata kidogo. Sayansi ya vimondo inamhitaji. Jiwe ambalo hakuna aliyeliona likianguka huandikwa kuwa limeokotwa tu. Lililoonwa au kusikika likianguka ndilo hupewa siku na saa yake. Tarehe ya Ivuna tunayo kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwepo. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu chochote, mtaalamu wa kweli atamuuliza mama mwenye shamba: ulisikia nini, kilitoka upande gani, kilikuwa na joto?

MUUMINI: Na akisema alisikia akiitwa kwa jina?

MWALIMU: Nitaandika: alisema alisikia akiitwa kwa jina. Sitaandika kwamba aliitwa. Wala sitafuta.

MUUMINI: Hilo linanitosha. Mwaka 1963 hata hilo hatukulipata.

MWANAFUNZI: Halafu kitu kinapelekwa Nairobi, kisha ng'ambo.

MCHIMBAJI: Hapana. Kinakatwa mara tatu. Kipande kiende ng'ambo, kipande Nairobi, kipande kibaki Migori. Wakipima wao, tupime na sisi, namba zilinganishwe. Bila hivyo hadithi yako nitaifunga hapo.

MWALIMU: Kibaki Migori katika maabara gani?

MCHIMBAJI: Ndiyo sura ya kwanza hiyo, binti. Waanze kuijenga.

MWANAFUNZI: Basi kitu kitaanguka sura ya tatu. Sura ya pili nitampa mwalimu, apigane na watu wa bajeti.